Namna ya Kukusanya Vyombo vya Mezani vya Fedha vya Zamani Ukiwa Mombasa

Uma wa mezani uliotengenezwa Sheffield zaidi ya miaka mia moja iliyopita ukipelekwa leo kwa sonara wa Mombasa, jambo la kwanza linalofanywa ni kuuweka kwenye mizani, na la pili, mara nyingi, ni kuutia motoni ili itoke bangili au pete. Simlaumu sonara, kwa kuwa riziki yake iko katika uzito. Hata hivyo, ndiye mshindani wako mkubwa kuliko mkusanyaji mwingine yeyote, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuufikia uma huo kabla ya moto, akiwa anajua anachokishika, anachokilipa na namna ya kukihifadhi katika mji wenye joto, unyevu na hewa ya chumvi.

Hatua ya kwanza: kujua fedha yenyewe

Fedha tupu ni laini mno kwa kazi ya mezani. Kijiko chake kingepinda kwenye wali. Kwa sababu hiyo mafundi huichanganya na madini mengine, hasa shaba nyekundu, na kiwango kinachoitwa sterlingi ni sehemu 925 za fedha katika kila sehemu 1,000. Zile 75 zinazobaki ndizo zinazoipa nguvu, na shaba iliyomo ndiyo pia inayosaidia kuifanya ipige weusi upesi. Vipo viwango vingine ambavyo mkusanyaji atakutana navyo: Uingereza ina kiwango cha juu zaidi kiitwacho Britannia, kilichokuwa cha lazima kati ya 1697 na 1720, Wajerumani wengi walitumia 800, nchi za Skandinavia zilitumia sana 830, na vyombo vya Urusi ya kifalme huwa na namba 84, ambayo kwa hesabu yetu ni 875. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu ya tarehe 1780 iliyozunguka pwani yetu yote na kuyeyushwa na masonara wengi ili kutengenezea mapambo, ni karibu 833, kwa hiyo chombo cha kazi ya pwani kilichotokana na reale hakiwezi kutarajiwa kufikia 925, na upungufu huo si ulaghai.

Hatua ya pili: kununua kijiko kimoja cha kujifunzia

Usianze na seti. Anza na kijiko kimoja cha chai chenye chapa zilizo wazi, hata kama kimekwaruzika, na uishi nacho kwa mwezi mzima. Utahitaji lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, sumaku, uzi, glasi ya maji na daftari. Vifaa hivi vyote vinaingia katika mfuko mmoja, na ukienda navyo dukani hutahitaji kuuliza mtu kama kitu ni fedha au si fedha.

Hatua ya tatu: kusoma chapa

Hapa ndipo penye elimu yenyewe, na hapa sitaki tupite haraka. Vyombo vya Kiingereza vina sifa moja isiyopatikana kwa urahisi katika vitu vingine vya kale: vilipelekwa katika ofisi rasmi ya kupimia fedha kabla ya kuuzwa, vikapimwa, kisha vikapigwa chapa zinazoeleza ubora, mji, mwaka na fundi. Kijiko ni kama hati ya kuzaliwa iliyoandikwa juu ya mtoto mwenyewe.

Chukua kijiko chako, kigeuze, na utazame nyuma ya mpini. Kama kilitengenezwa kabla ya takriban 1780, chapa huwa chini, karibu na kichwa cha kijiko, na mara nyingi zimebanwa na kuharibika wakati fundi alipokuwa akinyoosha mpini. Baada ya hapo zilihamishiwa juu, karibu na ncha. Tafuta kwanza simba anayetembea, aliyeinua mguu mmoja wa mbele. Huyo amekuwa alama ya fedha ya Uingereza tangu 1544, na bila yeye, au bila alama nyingine ya fedha inayojulikana, usilipe bei ya fedha. Kisha tafuta alama ya mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na taji ni Sheffield, ingawa Sheffield iliacha taji na kuchukua waridi kuanzia 1975. Ofisi za Birmingham na Sheffield zilianzishwa mwaka mmoja, 1773, na mtu asiyejua hushangaa kuona nanga ya baharini kwenye kijiko cha mji usio na bahari.

Alama ya tatu ni herufi ya mwaka, nayo ndiyo inayowapoteza wengi, kwa kuwa alfabeti ilipokwisha ilianzwa upya kwa umbo jingine la herufi na la kingao kinachoizunguka. Nitoe mfano wa kijiko kilicho mbele yangu ninapoandika. Kina nanga, simba, herufi ndogo "a" na herufi mbili za jina la fundi. Birmingham ilitumia "a" ndogo mwaka 1875 na ikaitumia tena mwaka 1900, kisha mwaka 1925 ikaanza na "A" kubwa. Nitajuaje ni ipi? Kwanza, "a" ya 1875 imeandikwa kwa mtindo wa kale wenye pembe kali, ilhali hii yangu ni ya kawaida, ya mviringo. Pili, kati ya 1784 na 1890 vyombo vya fedha vilipigwa pia kichwa cha mfalme au malkia kuonyesha kwamba ushuru umelipwa; kijiko cha 1875 kingekuwa na uso wa Malkia Victoria, na hiki hakina. Kwa hiyo ni cha 1900, na kwa sababu ofisi hiyo ilibadilisha herufi katikati ya mwaka, ni sahihi zaidi kuandika 1900 hadi 1901. Wakati huo reli iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa bado haijamaliza safari yake ya kufika Ziwa Victoria. Sijui kijiko hiki kilishuka bandarini lini, lakini umri wake hauna shaka, na nimeusoma kwa lenzi bila kumuuliza mtu.

Majedwali ya herufi za kila mji yanapatikana bure mtandaoni. Chapisha la London, la Birmingham na la Sheffield, uyaweke katika daftari lako, kisha ulinganishe umbo la herufi na la kingao kwa pamoja, kamwe si herufi peke yake.

Kwa vyombo vya Marekani kazi ni nyepesi, kwa sababu vingi vimeandikwa STERLING waziwazi na jina la kampuni. Tahadhari moja tu: kampuni ya Gorham ilitumia simba, nanga na herufi G, na mara nyingi muuzaji huapa kwamba ni kazi ya Birmingham. Ni fedha, naam, lakini si ya Uingereza, na nanga hiyo haihusiani na ofisi yoyote ya kupimia fedha. Ufaransa ina kichwa cha Minerva, mungu wa kike mwenye kofia ya vita, na Ujerumani, tangu 1888, ina mwezi mchanga pamoja na taji.

Mkusanyaji wa Mombasa ana jambo jingine la kulijua ambalo vitabu vya Wazungu hulitaja pembeni tu. Familia nyingi za mji huu asili yao ni Kutch, magharibi mwa India, na huko Kutch, katika mji wa Bhuj, walikuwepo mafundi waliofua mabuli, majagi ya maziwa na mabakuli ya sukari yaliyojaa maua na majani yaliyojipinda, na wakati mwingine mkono wa buli ukiwa nyoka. Aliyesifika zaidi ni Oomersi Mawji, aliyemfulia mtawala wa Kutch katika karne ya 19, na chapa yake ni O.M pamoja na neno BHUJ. Lakini kazi nyingi za Kutch hazina chapa yoyote, kama vile mirashi, vyetezo na vijaluba vya tambuu vya pwani yetu visivyo na chapa. Ukosefu wa chapa kwenye kijiko cha Kiingereza ni sababu ya kukirudisha. Kwenye chombo cha Kutch au cha Lamu ni sababu ya kukipima kwa njia nyingine.

Hatua ya nne: kutenga fedha halisi na ya kuchovya

Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya kuchovya vyombo vya madini ya bei ya chini katika fedha kwa nguvu za umeme, na tangu hapo dunia imejaa vyombo vinavyong'aa kama fedha ilhali fedha yake ni utando tu. Herufi za kuzijua ni EPNS, EP, EPBM na A1. EP ni kifupi cha Kiingereza cha kuchovywa kwa umeme, na NS ni "fedha ya nikeli", jina la kupotosha kabisa, kwa kuwa ndani yake mna shaba, nikeli na zinki, wala hamna fedha hata chembe.

Buli la kwanza nililonunua lilikuwa la namna hiyo. Muuzaji aliyekuwa akifunga nyumba alinionyesha alama nne zilizopangwa mstari mmoja, kila moja katika kingao chake kidogo, nami nikaona mpangilio uleule niliouona vitabuni, nikalipa bei ya fedha. Nilipofika nyumbani na kuziweka chini ya lenzi, kingao cha kwanza kilikuwa na E, cha pili P, cha tatu N, cha nne S, zote kwa maandishi ya mapambo. Pembeni mwa kitako, mahali palipokuwa pakisuguana na sinia, utando ulikuwa umekwisha na madini ya manjano hafifu yakachungulia. Tangu siku ile sitazami mpangilio. Natafuta simba, na nikishamwona simba natazama vitako, ncha za uma na migongo ya vijiko, kwa sababu huko ndiko utando huchakaa kwanza.

Vyombo vya kuchovya si takataka. Vile vya Sheffield vya njia ya zamani, ambapo bamba la fedha liliunganishwa na bamba la shaba kwa moto kabla ya chombo kuundwa, ufundi uliogunduliwa na Thomas Boulsover katika miaka ya 1740, vina wapenzi wake na vinastahili. Shida ni kulipia kimoja kwa bei ya kingine.

Hatua ya tano: kupima kwa maji

Sumaku itakuondolea chuma peke yake, kwa kuwa hata EPNS haishiki sumaku. Tindikali ya sonara inasema kweli lakini huacha doa, nami siiruhusu iguse chombo cha kale. Njia ninayoiamini ni ya maji, na inafaa kwa vijiko, uma na kitu chochote kilicho kizima bila mbao wala uwazi uliofungwa ndani yake.

Pima kijiko kikavu na uandike uzito. Tuseme ni gramu 72. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga kijiko kwa uzi, kishushe majini mpaka kizame chote, bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi, na uondoe mapovu yaliyojishika. Mizani sasa itaonyesha namba ndogo, ambayo ni ujazo wa kijiko. Ikisoma karibu 7.0, gawanya 72 kwa 7.0 upate 10.3, na hiyo ni fedha ya sterlingi, ambayo huwa kati ya 10.2 na 10.4. Ikisoma karibu 8.3, jibu ni takriban 8.7, na kilichomo mkononi mwako ni nikeli na shaba. Mkono usitikisike, na urudie mara tatu.

Visu havipimiki hivi. Mpini wake huwa ni ganda jembamba la fedha lililojazwa lami au utomvu, na wembe ni wa chuma. Vinara vya mishumaa vingi navyo vimejazwa uzito ndani, kwa hiyo mtu akikuuzia kinara kwa gramu, anakuuzia na lami.

Hatua ya sita: kukagua hali ya chombo

Pulizia pumzi ya joto juu ya fedha kama unavyopulizia miwani. Mvuke utaonyesha kwa sekunde mbili tatu yale ambayo mng'aro huyaficha: mistari ya kuungia, viraka, na herufi za jina zilizosuguliwa zikafutwa. Pahali palipofutwa herufi huwa pembamba. Bonyeza taratibu kwa kidole gumba na utahisi panacheza. Kiungo cha rangi ya kijivu iliyofifia kinaonyesha kwamba fundi wa baadaye alitumia risasi, na risasi ikiingia katika fedha ni vigumu kuitoa. Meno ya uma yawe na urefu unaolingana, na ncha ya kijiko iwe bado ya mviringo. Mimi binafsi hupenda herufi za jina la mwenyewe wa kwanza zikiwa zimebaki, ingawa wengi hushusha bei kwa ajili yake. Ni sehemu ya maisha ya kijiko.

Hatua ya saba: kutafuta na kununua

Maduka ya vitu vya kale ya Mji wa Kale, hasa kuanzia Ngome ya Yesu kuingia Ndia Kuu, ni mahali pa kuanzia na pa kuzoesha jicho, ila bei zake zimewekwa kwa ajili ya wageni. Minada na nyumba zinazofungwa na familia zinazohama, kwa mfano Nyali, huwa na bei nafuu zaidi na uhakika mdogo zaidi. Lakini mlango bora ni wa sonara. Nenda, jitambulishe kwa adabu, kunywa chai yake, na umwombe akupigie simu kabla ya kuyeyusha kitu chochote chenye simba. Mzee mmoja sonara aliniambia, "Mwanangu, hivi nakuwekea hadi Ijumaa, Ijumaa ikipita, vinaingia motoni," na kwa ahadi hiyo nilipata vijiko vitatu vya mchuzi ambavyo vingekuwa heleni leo.

Mpe zaidi kidogo ya thamani ya kuyeyusha, na uijue hesabu hiyo kabla hujafika. Vijiko sita vyenye gramu 120 vina fedha tupu ya gramu 111, yaani 120 mara 0.925. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi ya madini, ambayo ni gramu 31.1, kwa hiyo hapo una aunsi 3.57. Hiyo ndiyo sakafu ya bei. Kinachoongezeka juu yake ni umri, fundi, hali na ukamilifu wa seti. Usikatae vijiko vya miaka tofauti vyenye umbo moja. Seti nyingi nzuri zilikusanywa kijiko kimoja kimoja.

Kuhusu sheria, ni fupi: chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Hifadhi risiti, na usinunue kwa mtu asiyeweza kueleza alikokipata.

Hatua ya nane: kutunza katika hewa ya Mombasa

Weusi wa fedha hutokana na salfa, na hewa ya bahari huongeza chumvi na unyevu, basi chombo kinachokaa Nairobi miezi sita bila kubadilika huenda hapa kikaanza kugeuka rangi mapema zaidi. Dawa ya kwanza ni kukitumia. Kijiko kinachokoroga chai kila jioni, kikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kikakaushwa papo hapo kwa kipande cha kanga kuukuu, hukaa cheupe miaka mingi bila dawa yoyote. Kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika ni kitambaa bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Usikiache kijiko ndani ya achari, chumvi au mayai. Chumvi hula fedha na kuacha vishimo visivyozibika, ndiyo maana vyombo vya chumvi vya zamani vina glasi au dhahabu ndani. Visu usivilowekeze katika maji ya moto, kwa kuwa lami iliyomo itayeyuka na wembe utang'oka.

Ukwaju na majivu, ambavyo mama zetu walisugulia masinia ya shaba, usivitumie, wala mchanga, wala dawa ya meno. Kila msuguo huondoa fedha, na chapa ni vitu vya kina kidogo sana. Njia ya karatasi ya alumini, soda ya kuokea na maji ya moto huondoa weusi bila kusugua, lakini pia huondoa ule weusi wa makusudi ndani ya michoro, unaoyafanya maua ya Kutch yaonekane. Iache kwa vijiko visivyo na mchoro. Kwa vingine tumia dawa ya fedha laini, kidogo, na usipitishe kitambaa juu ya chapa.

Jambo moja limeniuma zaidi ya buli lile. Nilifunga vijiko sita kwa mpira wa kufungia noti nikavitia kabatini, na nilipovifungua baada ya miaka miwili kila kimoja kilikuwa na mkanda mweusi kiunoni, kwa sababu mpira una salfa. Nilisafisha, weusi ukatoka, lakini mkanda umebaki umechorwa katika fedha mpaka leo. Hivyo basi usiweke mpira, gazeti wala sufu karibu na fedha. Funga kila chombo katika pamba nyeupe iliyofuliwa bila manukato, kisha katika mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na pakiti ya chembechembe za kunyonya unyevu.

Katika daftari andika namba ya kila chombo, uzito wake, chapa zote kama ulivyozisoma, mahali na siku ya kununua, na bei, kisha piga picha ya chapa kwa simu kupitia lenzi. Mwanzo wa masika, kabla mvua hazijashika, toa kila kitu mezani, badilisha pakiti za unyevu, pima tena vile unavyovitilia shaka, na uvipe zamu ya kutumika vile ambavyo mwaka mzima havijagusa chai.